Msikilizaji Asiye Hakimu

Kijana wa Handeni aliyeelemewa moyoni haendi zahanati kusema kwamba ameelemewa. Huenda na kichwa kinachomuuma kila Jumatatu asubuhi, au tumbo linalomsokota wiki ya mitihani, au usingizi uliompotea tangu baba yake azikwe. Mama ndiye humleta, na mama ndiye huzungumza. “Nesi, huyu mtoto amebadilika, hali, hacheki, ukimsemesha anafyonza.” Mtoto mwenyewe anatazama sakafu. Atapimwa malaria. Asipokutwa nayo atapewa panado, watarudi nyumbani, na baada ya wiki chache watakuwa kwenye benchi lilelile na malalamiko yaleyale.

Watu wazima nao wana milango yao ya pembeni. Mama mwenye mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba kubwa, huja kulalamikia presha. Baba aliyepoteza kibarua cha mkonge huja kulalamikia mgongo, kama atakuja. Wengi wa rika lake hawafiki kabisa kwenye kituo cha afya, na ukiwatafuta utawakuta kilabuni tangu asubuhi. Ukikaa nao vizuri, wakubwa kwa wadogo, watakwambia jambo moja: wana mawazo.

Inashangaza kwamba hayo yanatokea katika ardhi yenye historia ndefu kuliko zote Afrika Mashariki katika kutibu maradhi ya akili. Kwenye miteremko ya Usambara, ndani ya Wilaya ya Korogwe, jirani na Handeni, ipo Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walijenga huko nyumba ya watoto waliookolewa utumwani. Watoto wa aina hiyo walipopungua, nyumba ikageuzwa, kati ya 1904 na 1905, kuwa makazi ya wagonjwa wa akili. Ilikuwa ya kwanza katika ukanda huu, miaka zaidi ya 20 kabla Mirembe ya Dodoma haijafunguliwa mwaka 1927. Waliokuja kuihudumia walitoka Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, mahali ambapo mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikuwa amejenga kijiji kizima cha wenye kifafa na wagonjwa wa akili. Siku hizo hakukuwa na dawa ya kutuliza mgonjwa anayesikia sauti; dawa ya kwanza ya aina hiyo ilianza kutumika Ulaya mwaka 1952. Kilichokuwepo ni ratiba ya siku, sala, chakula cha pamoja na kazi ya mikono. Hospitali hiyo, iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ingali inafanya kazi. Leo wagonjwa wake wana vidonge na sindano, lakini kazi haikuachwa: shamba, chai, useremala, ufumaji.

Lutindi ni ya mgonjwa aliyezidiwa. Binti wa kidato cha pili anayelia chooni saa ya mapumziko si mgonjwa wa Lutindi, wala hapaswi kuwa. Anachohitaji ni mtu wa kukaa naye nusu saa, mlango umefungwa, amsikilize bila kumhukumu. Hapo ndipo penye upungufu katika wilaya hizi mbili, Handeni na Korogwe: watu wa kushauri wapo tele, ila wengi wao wana neno katika kesi.

Hesabu mwenyewe. Mwanamke wa Mombo anayepigwa na mumewe atamwendea mama mkwe, ambaye ni mama wa mpigaji. Atakwenda kwa mjumbe, ambaye anatazamia kupatanisha kabla ya jioni. Atakwenda kwa sheikh au mchungaji, naye ana mafundisho ya ndoa ya kusimamia. Kijana atamwendea mwalimu, mwenye daftari la nidhamu mkononi. Kila mmoja wao anaweza kuwa mtu mwema, na mara nyingi ni mwema kweli. Lakini kila mmoja anasikiliza ili aamue, na anayejua kwamba maneno yake yatatolewa uamuzi huyapunguza kabla hayajatoka mdomoni.

Wazee wa zamani walilijua hili. Katika jamii nyingi za Tanga, baba hakuwa mtu wa kuelezwa ya moyoni. Baba alikuwa mtu wa kutiiwa. Ya moyoni yalikwenda kwa bibi na babu, wanaotaniana na wajukuu wao kama marika, au kwa shangazi, au kwa somo aliyemlea mwali unyagoni. Msibani alikuwepo mtani, mwenye ruhusa ya kumwambia mfiwa maneno ambayo ndugu wa damu wasingethubutu. Utaratibu huo haukuwa mkamilifu, maana somo alifunza pia kuvumilia yasiyovumilika, na siri nyingi za unyago zilikuwa siri za kumfunga mwanamke. Hata hivyo ulitenganisha mkono unaoadhibu na sikio linalosikia. Siku hizi bibi yuko kijijini Kwamsisi, mjukuu amepanga chumba Manundu ili awe karibu na shule, na kati yao kuna nauli.

Unasihi wa kisasa haukuingia vijijini kwa mlango wa magonjwa ya akili. Uliingia na UKIMWI. Mwaka 2001 vituo vya Angaza vilianza kupima watu kwa hiari, na utaratibu ulikuwa mmoja kila mahali: mazungumzo kabla ya kipimo, mazungumzo baada ya majibu. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani Dar es Salaam kufungua kampeni ya kitaifa. Kwa njia hiyo kizazi kizima cha wauguzi kilijifunza jambo ambalo vyuo vyao havikuwa vimelitilia mkazo, yaani kuuliza swali kisha kunyamaza mpaka mtu ajibu. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Mnasihi akajikuta uso kwa uso na kijana aliyekuja peke yake.

Na kijana aliyekuja peke yake ni kazi tofauti kabisa na mtu mzima.

Mnasihi aliyefunzwa vizuri haanzi na tatizo. Mzazi akiwepo, humsikiliza kwanza kwa heshima zote, kisha humwomba atoke nje kidogo, na humwambia mapema kwamba ataitwa mwishoni ili asione kama amefukuzwa. Kiti hakiwekwi mbele ya meza kama cha mtuhumiwa. Huwekwa pembeni, ili kijana akitaka kutazama dirishani atazame. Halafu linakuja jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni kueleza mipaka ya siri kabla siri haijatolewa. “Utakayoniambia yanabaki hapa, isipokuwa ukiniambia kwamba unataka kujidhuru, au kuna mtu anakudhuru. Hapo itabidi tumtafute wa kutusaidia, na nitakwambia kabla sijafanya hivyo.” Sentensi hizo zina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mnasihi anayeahidi siri isiyo na mipaka atalazimika kuivunja ahadi yake, na kijana aliyesalitiwa mara moja hatarudi, tena atawaambia na wenzake.

Kimya kinachofuata ni kirefu. Mtu asiyezoea hukijaza kwa mawaidha: soma kwa bidii, mheshimu mama yako, mwombe Mungu. Mnasihi hukiacha. Akiona kimezidi, hupitia kwa wengine: “Wapo wanafunzi huniambia wakiamka asubuhi wanatamani siku isianze. Na wewe imewahi kukutokea?” Swali la namna hiyo humpa kijana mahali pa kusimama bila kuwa wa kwanza. Wengine huchora. Wengine huombwa watoe alama, toka 0 mpaka 10, leo moyo uko ngapi, na kwa mtoto aliyezoea kupimwa kwa alama hilo ni rahisi kuliko kutafuta maneno.

Kuhusu kujiua, lazima kuuliza waziwazi. Imani kwamba ukimuuliza mtu utakuwa umempandikizia wazo imeenea mijini na vijijini, hata miongoni mwa watumishi wa afya, na imegharimu maisha. Shirika la Afya Duniani limekuwa likirudia kwamba kuuliza hakuamshi wazo hilo, bali humpa mtu nafasi ya kulitoa. Shirika hilo linakadiria kwamba mtoto 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 70, na madarasa ya ukubwa huo si mageni huku, hao ni kama 10.

Ukifuata barabara kuu kutoka Korogwe kuelekea kaskazini utafika Moshi, na huko majibu ya nani anaweza kuwasikiliza yamekwisha kupatikana. Mradi wa Sauti ya Vijana uliwachukua vijana wa miaka 12 hadi 24 wanaoishi na VVU, ukawaweka kwenye vikundi vilivyokutana mara 10, vikao viwili kati ya hivyo vikiwa pamoja na walezi, na kila kijana akapata pia vikao viwili vya peke yake. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa vijana wenzao waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Utafiti mwingine, uliofanyika Moshi na Bungoma nchini Kenya, ulihusu watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi. Walioongoza vikao 12 vya kikundi ni watu wa kawaida wa maeneo hayo. Watoto walifundishwa kutuliza pumzi, kutambua jinsi wazo linavyozaa hisia na hisia inavyozaa kitendo, kisha, taratibu, kusimulia kifo chenyewe, ambacho nyumbani kila mtu alikuwa amekizungushia kimya ili “asikumbuke”. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Nchini Kenya tofauti kati ya waliopata vikao na wasiopata ilikuwa kubwa na ilidumu hata baada ya mwaka mmoja. Tanzania makundi yote mawili yaliendelea kupata nafuu, kiasi kwamba baada ya mwaka yalikuwa yamekaribiana. Si jibu la kushangilia kupita kiasi, lakini limeonyesha kwamba kazi hii inaweza kufanywa na mtu wa kawaida, mradi afunzwe na asiachwe peke yake.

Mtu mzima haji na kimya cha kijana. Huja na hadithi ndefu yenye watu wengi, wadai, mashemeji na mashamba. Hapo mnasihi husikiliza kwa namna nyingine, maana hatari si kukosa maneno bali kuzama ndani yake.

Tumrudie mama wa mikopo mitatu. Anauza vitumbua stendi ya Korogwe, mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanaposimama. Alikopa wa kwanza kulipa ada, wa pili kulipa wa kwanza, wa tatu kulipa wa pili, na kila asubuhi simu ikiita moyo unamwenda mbio. Mama huyu ni mfano tu, lakini stendi yoyote ya nchi hii inamfahamu. Mshauri wa haraka atamwambia asingekopa. Mnasihi atamwomba ataje shida zake zote, moja baada ya nyingine, na ataziandika. Pengine ni tisa. Kisha atamuuliza ipi kati ya hizo tisa anaweza kuigusa wiki hii, kwa mikono yake mwenyewe. Si deni lote. Labda ni kumwambia mumewe, ambaye hajui. Wanapanga pamoja atamwambia lini, kwa maneno gani, nani awepo. Wiki inayofuata wanaanzia hapo: ilikuwaje?

Njia hii ina ushahidi wa karibu. Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki za Harare, wakifuata hatua zizo hizo za kutaja shida, kuchagua moja, kupanga na kurudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulikuta kwamba baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 miongoni mwa waliokaa kwenye benchi, na asilimia 49.9 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika Zanzibar. Nairobi nako, mwaka 2017, ulitolewa utafiti wa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, ambao baadhi yao walisaidiwa kwa vikao 5 tu na wahudumu wa afya ya jamii. Bibi wa Harare angekuwa nyumbani kabisa Handeni. Kazi yake ni ileile ya bibi wa Kizigua, ila amefundishwa kutouma maneno wala kuyapeleka kwa jirani.

Handeni ina sababu yake ya pekee ya kuhitaji masikio. Ni wilaya ya watu waliofika kutoka mbali. Chogo wanaishi Wazigua ambao mababu zao walipelekwa Somalia katika karne ya 19 kama watumwa. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 wajukuu wao walikimbia kwa bahari hadi Tanga, wengi wakiwa bado wanazungumza Kizigua, wakapokewa Mkuyu na baadaye kuhamishiwa Chogo, na wengi wamepewa uraia wa Tanzania. Katika kijiji cha Msomera, tangu Juni 2022, zimehamia familia za wafugaji kutoka Ngorongoro. Serikali inasema zilijiandikisha kwa hiari, mashirika ya haki za binadamu yanasema kulikuwa na shinikizo. Vyovyote iwavyo, mzee aliyeacha makaburi ya wazazi wake na kuanza upya katika nyumba iliyopangwa kwa mstari ana jambo la kuomboleza, na nyumba mpya haimwondolei haki hiyo. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Magambazi, nako, kuna vijana walioacha shule wanaolala na hofu ya kifusi. Hakuna kati ya hao atakayetafuta “huduma ya afya ya akili”. Wakikaa na mtu anayejua kusikiliza, watasema.

Shuleni ndiko mkanganyiko wa hakimu na msikilizaji unakoumiza zaidi. Kila shule inatakiwa kuwa na mwalimu wa ushauri na unasihi, na mradi wa SEQUIP wa kuboresha elimu ya sekondari umeweka usalama wa mwanafunzi na unasihi ndani ya mpango wake wa Shule Salama. Hilo ni jema. Lakini kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, vinavyotolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na katika shule yenye walimu wachache aliyeidhinishwa anaweza kuwa yuleyule wa unasihi. Mtoto aliyechapwa Jumanne hatamfungulia moyo mtu huyo Alhamisi. Hili halihitaji utafiti. Kama shule haiwezi kumwondolea mwalimu huyo fimbo, basi imtafute mwingine wa kusikiliza, hata kama ni mpishi ambaye wanafunzi wanampenda.

Upo pia waraka wa elimu namba 2 wa mwaka 2021, uliofungua mlango kwa wasichana waliojifungua kurudi katika shule za serikali. Binti anayerudi akiwa na maziwa yanayovuja chini ya sare anahitaji zaidi ya dawati. Anahitaji mtu mmoja wa kumuuliza anaendeleaje, na mtoto amebaki na nani, bila kumuuliza baba ni nani mpaka mwenyewe atake kusema. Namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, inapigwa bure na inasaidia pale ambapo mtu huyo hayupo, ilimradi kuna simu ndani ya nyumba na nafasi ya kuzungumza bila kusikika.

Na ipo sheria inayomgeuza kila msikilizaji kuwa shahidi wa mashtaka. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia inayomwokoa mtoto wake aliyekunywa sumu ya wadudu hufika hospitali ikiwa na maelezo mengine: alikosea chupa, alidhani ni dawa ya kikohozi. Daktari anatibu sumu. Sababu inabaki nyumbani. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho katika sheria za nchi hiyo kinapingana na katiba. Tanzania haijafika hapo, na inapaswa kufika, kwa sababu hakuna mnasihi awezaye kumwambia mtu “niambie ukweli” wakati ukweli wenyewe ni kosa.

Fedha nazo zimetikisika. Kazi nyingi za unasihi zilizotokana na UKIMWI zililipwa na miradi, na Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi mingi barani Afrika ilipoteza watumishi kwa mkupuo. Upande wa pili, Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Hao ndio watakaopita nyumba kwa nyumba Kabuku, Sindeni, Mkata, Magoma. Watafundishwa chanjo, lishe, malaria na kifua kikuu. Halmashauri za Korogwe na Handeni zinaweza kuongeza juu ya hapo siku chache za mafunzo ya kusikiliza, na mtaalamu mmoja wa kuwasimamia kila mwezi ili nao wasizidiwe na wanayoyasikia. Katika kila kituo cha afya kitengwe chumba kimoja, hata kiwe kidogo, kisichokuwa cha sindano wala cha mafaili, chenye mlango unaofungwa. Na kadi ya anayetoka humo iandikwe tarehe ya kurudi.